Libanga: nani anavunja jiwe, nani anatajwa mu wimbo?

Siku ya Mungu jioni tulikuwa tumeketi mu nganda moja ya Bagira, kwenye njia inayotelemka kuelekea Bralima. Ku meza ya pembeni alikuwa baba mmoja aliyerudi kutoka Kamituga juzi tu, pamoja na mutoto wake wa kiume wa miaka kama kumi, chupa ya sucré mbele yake. Redio ilikuwa inapiga wimbo wa Kinshasa. Gitaa zikapanda, seben ikaanza, na mwimbaji akamwaga majina: PDG fulani, Président fulani, mama fulani wa Bruxelles.

— Papa, hao bote ni banani?

— Sibajuwe. Banabatupia libanga.

— Libanga njo nini?

— Ni jiwe. Mu Lingala, libanga ni jiwe.

Mutoto akanyamaza kidogo, akakunywa sucré yake, kisha akauliza:

— Sasa weye unavunjaka mawe kila siku. Juu ya nini jina yako haitokake mu wimbo?

Nganda nzima ikacheka. Baba naye akacheka, lakini si sana. Sisi tuliokuwa pale na daftari mu mfuko tuliona haya kidogo, maana hatukuwa na jibu. Tumelitafuta, na tunawaletea lile tulilopata.

Jiwe moja, kazi mbili

Libanga, wingi wake mabanga, ni neno la Lingala. Maana yake ya kwanza haina siri: jiwe. Lakini watu wa Kinshasa walilipa neno hili kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kobeta libanga, kupiga jiwe. Maana yake ni kuhangaika ili jioni kuwe chakula ku nyumba. Mutu asiye na mushahara, anayeuza mayi asubuhi, anabeba mizigo muchana, na usiku analinda duka la wengine, anasema anapiga libanga. Picha ya neno haiko mbali na sisi. Kila mutu anayetembea mu njia za Bukavu amewaona wamama walioketi kando ya barabara na nyundo mukononi, wanavunja jiwe kubwa kuwa changarawe ya kujengea. Jiwe halivunjiki kwa pigo moja. Unapiga, unapiga tena, vidole vinaumia, na jioni una kilima kidogo cha changarawe ambacho labda mutu atanunua, labda hapana.

Kazi ya pili ni kobwaka libanga, kutupa jiwe. Hapo ndipo tunaingia mu muziki: mwimbaji anatupa jina la mutu katikati ya wimbo. Tutarudi kwake. Kwanza tumalize habari ya anayepiga.

Article 15 ya uongo na article 15 ya kweli

Mu miaka ya 1980 Pépé Kallé, mwimbaji wa Empire Bakuba, yule mwenye mwili mukubwa hata watu wakamwita Tembo, aliunganisha maneno mawili ya mtaa mu jina la wimbo mmoja: Article 15, Beta Libanga. Pépé Kallé alikufa mu 1998, lakini maneno yale mawili bado yanatembea pamoja sawa mapacha. Ukimwambia mutu « article 15 », anajua unamwambia ajipange mwenyewe.

Article hiyo ilitoka wapi? Wazee wengi wanairudisha ku mwaka 1960, wakati Albert Kalonji alipotangaza Kasaï ya Kusini kuwa nchi ya peke yake. Wakimbizi Waluba walikuwa wanafika Bakwanga, mji tunaouita leo Mbuji-Mayi, wengi sana, wanaomba nyumba na chakula. Jibu lilikuwa moja: débrouillez-vous, mujipange. Watu wakasema kwa kicheko kwamba hiyo ndiyo article 15 ya katiba yao. Kasaï ile ilikwisha, article ikabaki.

Sasa, musomaji, fungua katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Utakuta article 15 iliyoandikwa kweli, na haisemi « mujipange ». Inawapa wenye mamlaka kazi ya kumaliza jeuri ya kingono inayofanyiwa watu. Kwa sisi wa Kivu ya Kusini, tunaojua nini kimewapata mama na dada zetu, hayo si maneno madogo. Nyimbo na mizaha vimefundisha nchi nzima article 15 ya uongo. Ile ya kweli, ni wangapi mu avenue yako wanaijua?

Lingala imefika namna gani Bagira?

Mutu atasema: sisi ni watu wa Swahili na Mashi, Lingala inatuhusu nini? Lingala ilisafiri ku mto Kongo pamoja na wachuuzi, ikawa lugha ya askari wa Force publique, kisha ya jeshi la Mobutu, na zaidi ya yote ikawa lugha ya muziki. Mu miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walioangalia filamu za cowboy walijiita ma-Bill, kutoka jina la Buffalo Bill. Wakajitengenezea Lingala yao ambayo wazazi hawaisikii, ikaitwa Indoubill.

Tangu wakati ule mtaa na wimbo vinalishana. Mtaa unazaa neno, mwimbaji analiokota, redio inalibeba paka huku kwetu. Lakini njia ni ndefu, na neno linaangusha mizigo njiani. Angalia « nganda » yenyewe, mahali tulipokuwa tumeketi. Mu Lingala ya zamani nganda ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto, mahali pa kulala na kukausha samaki. Leo ni mahali pa kunywa bière, na samaki imebaki tu mu sahani. Au angalia « Poto », Ulaya ile ambayo kila mwimbaji anaililia. Ni Mputu ya Kikongo, na Mputu ni jina la Ureno mu midomo ya watu wa pwani, waliowaona Wareno mbele ya wazungu wengine wote. Kijana wa Bagira anayeimba Poto akiwaza Bruxelles anataja Ureno bila kujua.

Mvunja mawe wa kwanza

Jiwe nalo lina historia ndefu mu midomo ya Wakongomani. Mu miaka ya 1879 na 1880 Stanley alikuwa anapasua njia kutoka Vivi, chini ya maporomoko ya mto Kongo, anavunja miamba ili apitishe mizigo na mashua. Watu wa kule wakamwita Bula Matari, mvunja mawe, maana mu Kikongo mawe ni matadi ao matari; mji wa Matadi umebeba jina hilo hilo. Kisha jina likahama kutoka kwa mutu, likaenda kwa serikali. Muzungu wa kodi alikuwa Bula Matari. Muzungu wa fimbo alikuwa Bula Matari. Hata huku mashariki wazee wetu walisema Bulamatari wakimaanisha wakubwa wa serikali.

Lakini tujiulize: Stanley alishika nyundo siku ngapi? Waliobeba, waliochimba, waliovunja, walikuwa wengi, na wengi walikufa. Mawe yalivunjwa na watu, jina likachukuliwa na mkubwa. Hapo tayari tunaanza kuona jibu la mutoto wa Bagira.

Jina linapokuwa na bei

Tuje sasa kwa anayetupa libanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mu orchestre Zaïko Langa Langa, kulizuka mutu wa kazi mpya: atalaku. Jina linatoka mu Kikongo, ni sawa kusema « angalia huku ». Kazi yake ni kupiga kelele za kuchezesha watu wakati wa seben, mukononi kachacha iliyotengenezwa na kopo ya dawa ya wadudu. Atalaku anaita majina ya ngoma, anaita wachezaji, na anaita majina ya watu.

Kutaja majina hakukuanza naye. Zamani mwimbaji alitaja rafiki, mupenzi, ao tajiri aliyemununulia nguo, ilikuwa shukrani. Mu miaka ya 1990 mambo yakageuka. Zaïre ilikuwa inaanguka. Mu Septemba 1991 askari walipora Kinshasa, feza ikawa inapoteza bei kati ya asubuhi na jioni. Kaseti zilinakiliwa mu kila soko, na mwanamuziki hakuona hata likuta. Sasa orchestre ya watu ishirini italishwa na nini? Na majina. Mufanya biashara analipa, anatajwa. Ofisa wa jeshi analipa, anatajwa. Mutu wa siasa analipa, anatajwa mara mbili. Wengine wanalipa na dola, wengine na nguo, na tiketi ya ndege. Ukisikiliza nyimbo za miaka ile mpaka leo, kuna zingine ambamo majina yamejaa kuliko maneno ya mapenzi.

Kwa nini waliita hiyo kutupa jiwe? Sisi tunalisikia hivi: ukitupa jiwe mu kundi la watu, yule linayempata ndiye anageuka. Mu ukumbi ni vilevile. Jina likitoka, mwenye jina anasimama, anacheza hatua mbili, anakwenda kubandika noti ku paji la uso la mwimbaji. Jiwe limempata, na limemgharimu.

Wachimbaji waliotajwa

Baba wa Kamituga asifikiri kwamba muchimbaji hakutajwa hata siku moja. Mu 1982 Mobutu alifungua kazi ya uchimbaji wa mikono, na watu wakamiminika ku almasi na ku zahabu. Mu miaka ya 1990 vijana wengi wa Bandundu na Kinshasa walivuka mupaka wa Angola, wakaenda kuchimba almasi mu jimbo la Lunda Norte, katikati ya vita. Waliorudi na dola waliitwa bana Lunda, watoto wa Lunda. Walijaza manganda, walinunua magari, na waimbaji wakawatupia mabanga.

Ilikuwa jioni fupi. Wengi walirudi mikono mitupu, wengine hawakurudi. Na kutoka njia ile ya Angola kulifika neno lingine, ambalo leo linaogopesha miji yetu: kuluna. Ni « coluna » ya Kireno, mustari wa askari wanaotembea pamoja. Neno likaingia mu mtaa, likaingia mu nyimbo, na leo kuluna ni kijana mwenye panga usiku. Ulipate kwanza mu wimbo ao kwa njirani, ni vizuri ujue kwamba lilizaliwa kwa askari na likapita kwa wachimbaji mbele ya kufika kwako.

PDG wa ofisi, PDG wa shimo, pedeshee wa Dar es Salaam

Neno linalotupendeza zaidi ni PDG, lile la kwanza tulilosikia ku redio siku ile. Mu Kifaransa ni herufi tatu tu: président-directeur général, mukubwa wa kampuni. Wazee wa Kamituga wanakumbuka SOMINKI, kampuni iliyoanzishwa mu 1976 na kufa miaka ishirini baadaye. Wakati ule PDG alikuwa mutu wa ofisi na wa picha ku ukuta. Muchimbaji alimusikia tu.

Kampuni ikaondoka, cheo kikabaki, kikashuka chini ya udongo. Leo Kamituga, kilometa karibu 180 kutoka Bukavu, PDG ni mwenye shimo. Ni yeye anayetoa feza ya chakula, ya miti ya kushikilia udongo, ya pompe ya mayi. Zahabu ikitoka, yeye ndiye anarudishiwa kwanza. Isipotoka, deni linabaki, na creuseur anaendelea kupiga libanga, safari hii bila mfano, na nyundo ya kweli.

Herufi zile tatu zikasafiri tena, zikavuka ziwa Tanganyika. Wanamuziki wetu walikwenda Tanzania tangu zamani. Remmy Ongala, mutoto wa Kindu, alifika Dar es Salaam mu 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Wengine wakafuata, na mabanga yao mu mifuko. Jukwaani waliita « PDG! PDG! » kwa kila aliyekuja na noti. Watu wa Dar walisikia sauti, hawakuona herufi. Wakaandika namna walivyosikia: pedeshee. Leo mu Swahili ya kule pedeshee ni tajiri wa starehe, anayemwaga feza ili asifiwe na bendi, na wingi wake ni mapedeshee. Mutu wa Dar ukimuuliza pedeshee ni nani, atakuonyesha mutu wa suti nzuri. Mutu wa Kamituga ukimuuliza PDG ni nani, atakuonyesha mutu wa buti za matope. Ni neno moja, limevaa nguo mbili.

Maneno yetu wenyewe

Wachimbaji nao wanazaa maneno, na si kidogo. Chukua « twangeuse ». Kitenzi ni chetu, kutwanga. Mukia ni wa Kifaransa, ule wa coiffeuse na vendeuse. Twangeuse ni mama anayetwanga mawe ya zahabu mu kinu cha chuma mpaka yawe unga, ili yapite ku mayi. Vumbi inaingia mu kifua, mutoto yuko mugongoni, malipo ni ya siku ile ile. Hakuna mwalimu aliyelifundisha neno hili. Wamama na wachimbaji walilitengeneza, na limeingia mu ripoti za mashirika na mu vitabu vya chuo kikuu. Ni libanga ya kweli: jiwe linapigwa na mutu, na jina lake limetoka mu kazi yake.

Kuna jina lingine ambalo hatuwezi kulipita. Pale Kamituga kuna machimbo yanayoitwa Detroit. Ni jina la mji wa Marekani, mji wa magari na wa muziki, lililopewa mahali pa udongo na mayi. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha, mayi yakajaa mu mashimo ya Detroit, na watu karibu 50 walihofiwa kuwa wamekufa ndani. Vijana wengi. Bukavu ililia. Redio zilitaja hesabu. Majina, ni familia zilizoyataja. Mabanga tuliyoyasikia mu nyimbo tangu siku ile ni mengi sana; jina la mutu wa Detroit, sisi hatujalisikia bado.

Jibu kwa mutoto

Basi jibu letu ni hili. Jina la papa yako halitokei mu wimbo kwa sababu mu wimbo wanatajwa wanaolipa, na papa yako yuko upande wa wanaosubiri kulipwa. Hatusemi hivi kuwachafua wanamuziki. Nao wanapiga libanga yao, na jioni watoto wao wanauliza chakula sawa wewe. Tunasema tu kwamba unaposikia jina linatupwa, ujue kuna bei nyuma yake, na mara nyingi nyuma ya bei kuna jiwe, na nyuma ya jiwe kuna mutu.

Kwa wazazi, ombi moja dogo. Mutoto akiuliza maana ya neno la wimbo, musimufukuze na kusema « ni maneno ya wahuni ». Mengine ni ya wahuni kweli, na heri ayajue kwenu kuliko kuyajua kona ya avenue. Lakini mengi yamebeba kazi ya watu: wavuvi, askari, wachimbaji, wamama wa nyundo. Na kwa vijana wa Bagira wanaorap mu Swahili na mu Mashi: mukiwa na nafasi mu wimbo, tupeni libanga moja bila bei.

Mbele ya kuondoka siku ile, tulirudi ku meza ya yule baba, tukamwambia kwamba swali la mutoto wake tutaliandika. Akamaliza glasi yake, akamuangalia mutoto, akasema polepole:

— Ku shimo yetu, mbele ya kufunga kazi, tunaitanaka majina. Moja moja, kwa sauti. Mwenye hajibu, tunarudia ndani kumutafuta. Jina yangu banaitaka kila jioni, mutoto wangu. Na mie ninaitikaka.